Mlezi anataka viti viwili na leseni: tukubali?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya televisheni ndogo ya jamii hapa Tanga, upande wa Makorora. Huu ni mwaka wetu wa nne. Kila jioni tunarusha vipindi kwa saa tatu kwenye chaneli moja ya kebo ya mtaani, na vingine tunaviweka mtandaoni. Vijana wetu wanajitolea. Mwezi wa sita sasa hawajaona hata nauli. Amejitokeza mfanyabiashara mmoja, mzaliwa wa hapa hapa. Anataka kutununulia kamera tatu na kompyuta ya kuhariria, na atulipie pango la miaka miwili. Kamera moja ameshaileta. Anachoomba ni awe mlezi wetu, apewe viti viwili kwenye bodi ya watu saba, na leseni ikiisha muda ihuishwe kwa jina la kampuni yake ili kurahisisha malipo. Watu wanasema atagombea. Nusu ya kamati inasema mkono mtupu haulambwi, nusu inasema tutamezwa. Na mwenye kebo naye ametuambia tupunguze kipindi cha kero za mtaa, eti kinamletea maneno. Tufanyeje?

Katibu, Makorora

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimeipita kamera, nikaipita kompyuta, nikavipita hata hivyo viti viwili, nikaenda kugota kwenye leseni. Nianzie hapo. Leseni msiitoe. Mengine yote yanazungumzika, hilo halizungumziki.

Kituo kikinyang'anywa kamera kitaazima nyingine. Kikifukuzwa chumbani kitahamia sebuleni kwa mtu, na nimeona vituo vilivyoanzia huko. Lakini leseni ikishakaa kwa jina la kampuni ya mtu, nyinyi mmekuwa vibarua wake, tena wasiolipwa. Mbele ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, mwenye kituo ni yule aliyeandikwa kwenye leseni. Si yule anayefagia studio, wala yule aliyekaa miaka minne akihariri hadi usiku wa manane. Na jambo hilo si la kurahisisha malipo hata kidogo. Huduma ya jamii inatolewa leseni kama huduma ya jamii, isiyo ya biashara. Kuihamishia kwenye kampuni ni kubadili mmiliki, na pengine aina ya huduma yenyewe, jambo linalohitaji ridhaa ya Mamlaka. Kama nia yake ni kusaidia malipo, njia iko wazi: aweke fedha kwenye akaunti ya kituo, apewe stakabadhi, na kituo kilipe chenyewe kwa namba ya malipo iliyotolewa kwa jina la kituo. Mwambieni hivyo kwa upole, mumtazame anavyolipokea. Jibu lake litawafundisha mengi kuliko ushauri wangu.

Sasa nipanue kidogo, maana naona kamati yenu inaugawa mjadala katika pande mbili ambazo mimi siziamini. Upande mmoja unasema fedha, mwingine unasema uhuru, kana kwamba ukichagua moja umeikosa nyingine. Methali mliyoitumia ni ya kweli. Vijana hawawezi kula uhuru. Kituo kisicho na fedha hakiko huru pia, maana siku mgeni akija na bahasha ya elfu ishirini, kijana mwenye njaa ataipokea, na kipindi kitakuwa kimeshanunuliwa bila bodi kujua. Kwa hiyo mimi siulizi kama mpokee fedha za watu. Nauliza hivi: ni nani anayeweza kuwazima leo usiku bila kuwauliza? Kila jina linalotokea kwenye jibu la swali hilo ndilo la kushughulikia.

Swali hilo nilijifunza kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mshauri wa kituo kimoja kidogo cha matangazo katika pwani yetu hii. Katiba yao niliipitia kifungu kwa kifungu. Sera ya uhariri tuliiandika pamoja, nzuri, ya kurasa kumi na moja. Ila mtambo wao ulikuwa juu ya paa la nyumba ya mtu, kwa maneno ya mdomo tu, kwa ujirani mwema. Wakatoa kipindi kuhusu fedha za uzoaji taka. Hakuna aliyewakaripia, hakuna aliyeandika barua. Mtambo ukapata hitilafu, fundi akaenda kupanda, akaambiwa ngazi imefungiwa stoo na mwenye ufunguo amesafiri. Walikaa kimya zaidi ya wiki mbili. Mimi, mshauri wao, sikuwahi hata siku moja kuuliza paa ni la nani. Jambo hilo linanisumbua hadi leo, na ndiyo maana nakuandikia kwa urefu huu.

Basi kaeni jioni moja mhesabu funguo zenu. Leseni iko kwa jina la nani? Mkataba wa chumba umeandikwa na nani, na notisi yake ni ya muda gani? Watia saini benki ni wangapi, na wawili kati yao si ndugu? Waya wa kutoka studio hadi kwa mwenye kebo unapita kwa nani? Na nywila ya ukurasa wenu wa mtandaoni, ambayo kwa kawaida huwa kwenye simu ya kijana mmoja tu, itakuwaje akipata kazi Dar es Salaam? Hii ya mwisho watu wanaidharau. Nimeona kituo kinapoteza video za miaka mitatu kwa sababu ya ugomvi wa watu wawili.

Huyo mwenye kebo ndiye mimi ningemtazama kwa makini zaidi, hata kuliko huyo tajiri. Mfumo wetu wa leseni, tangu 2005, umetenganisha mwenye miundombinu na mtandao na mwenye maudhui. Anayevuta nyaya ana leseni yake, anayetengeneza vipindi ana yake. Sasa wewe unijibu kwa uaminifu: vipindi vyenu vinapita kwenye kebo kwa leseni yenu ya maudhui, au mmejibanza chini ya yake? Kama mmejibanza, basi ana haki ya kuogopa, kwa sababu siku Kamati ya Maudhui ya TCRA ikiita, ataitwa yeye. Huwezi kumlaumu mtu kwa kukagua mzigo unaobebwa kwa jina lake. Lakini kama mna leseni yenu, yeye ni mchukuzi tu, na mchukuzi hafungui kifurushi. Liwekeni hilo kwenye mkataba wa maandishi: hatachagua wala kuhariri vipindi, lawama za vipindi zitajibiwa na kituo, hatakata chaneli bila notisi ya siku tisini kwa maandishi yenye sababu. Mpeni na yeye kitu anachokihitaji, maana mkataba wa upande mmoja haudumu. Wateja wake wanaendelea kulipia kebo kwa sababu yenu zaidi ya mnavyodhani: mechi ya mchangani, mahafali, mkutano wa mtaa. Tamthilia wanazipata kwenye king'amuzi chochote, lakini mechi ya Makorora na Ngamiani hawataipata kwingine.

Wazo hilo la mchukuzi kutofungua kifurushi sikulibuni mimi. Marekani wamekuwa na televisheni za wananchi kwenye kebo kwa zaidi ya nusu karne, na mapambano yao yana mafunzo kwetu, ingawa sheria zao si zetu. Mwaka 1972 tume yao ya mawasiliano iliamuru kebo za miji mikubwa zitenge chaneli za umma, za elimu na za serikali za mitaa. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ikaifuta amri hiyo, ikisema tume haikuwa na mamlaka ya kuitoa. Mwaka 1984 Bunge lao likatunga sheria: mji unaompa mwenye kebo kibali cha kupitisha nyaya zake barabarani unaweza kumdai chaneli hizo, unaweza kumtoza ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ghafi ya kebo, na mwenye kebo haruhusiwi kuhariri yanayopita humo. Studio nyingi zilijengwa kwa ada hiyo. Mwananchi aliingia, akafundishwa kamera, akatengeneza kipindi chake.

Halafu angalia kilichofuata. Mwaka 1988 baraza la jiji la Kansas City liliifuta chaneli yake ya wananchi ili kuepuka kipindi cha kundi la wabaguzi wa rangi. Nia yao unaweza kuielewa. Lakini waliozimwa ni wote, wakiwemo watu wasio na hatia yoyote. Mwaka uliofuata, baada ya kushtakiwa, baraza likairudisha. Baadaye majimbo yakaanza kuhamisha kibali cha kebo kutoka mjini kwenda ngazi ya jimbo. California ilipitisha sheria yake 2006, na mwanzoni mwa 2009 studio za wananchi za Los Angeles zilizokuwa zikiendeshwa na kampuni ya kebo zikafungwa. Hapakuwa na askari mlangoni wala kosa la kipindi chochote. Wajibu wa kuziendesha uliondolewa kwenye karatasi, basi. Na sasa watu wanaihama kebo kwenda intaneti, na ile ada inapungua pamoja nao. Studio zilizoegemea mfuko mmoja zinatetereka, hata kama mfuko huo ulikuwa wa halali na wa sheria.

Wala si lazima twende mbali. Hapa Tanga, tangu 1904, lilichapwa gazeti la Kiongozi katika shule ya serikali ya Wajerumani. Walimu na makarani Waswahili waliandika humo habari za mikoani, mashairi, mabishano ya lugha. Kalamu zilikuwa za kwetu, lakini mtambo wa kupigia chapa haukuwa wetu. Vita vilipomwondoa mwenye mtambo, gazeti likaondoka naye, na waandishi wote wale hawakuwa na pa kuandikia. Mji ulioanza kusoma habari kwa Kiswahili mapema namna hiyo ulistahili kubaki na gazeti lake.

Turudi kwa mfanyabiashara wenu. Neno "mlezi" linanitia wasiwasi kuliko kamera zake. Sisi tunalijua kutoka kwenye vilabu vya mpira na vikundi vya taarabu. Mlezi hapigiwi kura. Hana kipindi cha uongozi kinachoisha. Hahojiwi kwenye mkutano mkuu, na akiingia chumbani watu husimama. Mlezi ni wa mtoto, na ukikubali kuwa mtoto utanyamazishwa kama mtoto. Kwenye klabu ya mpira haina madhara makubwa, maana mlezi hawezi kubadilisha matokeo ya mechi. Kwenye chombo cha habari anaweza. Mpeni jina la mchangiaji, mtangazeni hewani kwa heshima zote kwamba fulani amechangia kamera tatu, na mtangaze hivyo hivyo jina la mama ntilie aliyechangia elfu mbili.

Viti viwili kati ya saba vinaonekana vichache. Fungueni katiba yenu mtazame akidi. Kama ni nusu ya wajumbe, kikao cha watu wanne ni halali. Sasa fikiria siku mvua imenyesha, mmoja yuko baharini, mwingine ana mgonjwa hospitali ya Bombo, mwingine yuko sokoni. Waliofika ni wanne, na wawili ni wa kwake. Hapo amebakiza kumshawishi mmoja tu. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kiti kisitolewe kwa mchango wowote, wake wala wa shirika la nje wala wa halmashauri. Akitaka kuingia bodini aje mkutano mkuu kama mkazi mwingine, asimame, apigiwe kura. Na kama ni kweli atagombea uongozi wa siasa, katiba iseme wazi kwamba mgombea na kiongozi wa chama chochote hawezi kuwa mjumbe wa bodi wala mtangazaji, tangu siku anapochukua fomu. Liandikeni kabla hajachukua, kwa ajili ya wote, lisionekane limetungwa kwa ajili yake.

Vifaa vipokeeni, ila kwa hati ya zawadi. Hati hiyo iseme vimetolewa moja kwa moja, havijaazimwa. Havirudishwi kwa sababu ya kipindi chochote. Mtoaji hataonyeshwa vipindi kabla ya kurushwa. Na malalamiko yake yatapitia dawati lile lile la mtazamaji mwingine. Pango la miaka miwili ndilo nisingelichukua kwa namna anavyolitaka. Anayemlipa mwenye nyumba moja kwa moja ndiye mpangaji machoni pa mwenye nyumba. Aliweke kwenye akaunti, mlipe nyinyi, mkataba ubaki wenu. Na mali zote za kudumu zisiwe za katibu wala mwenyekiti. Sajilini wadhamini RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kwa Sheria ya Wadhamini, ili kamera na mitambo vimilikiwe na chombo kisichokufa wala kuhamia Dar es Salaam.

Kuhusu fedha za kila siku. Mimi hujiwekea mpaka kwamba hakuna mtu mmoja, kampuni au shirika linalotoa zaidi ya theluthi moja ya matumizi ya mwaka. Theluthi ikiondoka mtaumia lakini mtarusha. Mnazipata wapi theluthi nyingine? Mna kamera na watu wanaojua kuzitumia, katika mji usiopitisha wiki bila harusi. Undeni kitengo cha kupiga picha za harusi, maulidi, ubarikio na mahafali, chenye daftari lake na ratiba yake, na faida ilipe nauli za vijana kwanza. Nasema kwanza, kabla ya kununua taa wala kupaka rangi ukuta. Matangazo ya misiba wekeni bei ndogo, na kwa asiye nacho yawe bure. Vikundi vya VICOBA vinaweza kuchangia kwa mwezi kiasi ambacho hakimuumizi mtu, wakapewa nusu saa ya kueleza shughuli zao. Mchango mdogo wa watu wengi una faida ambayo mchango mkubwa hauna: siku ya kuzimwa, wenye kuuliza "kwa nini" watakuwa mia tatu. Jiungeni pia na wenzenu. Pangani FM wako jirani, redio ya jamii yenye uzoefu wa vipindi vya kero na mijadala ya wanawake na vijana. Nendeni mkae nao siku mbili, mjifunze namna wanavyopanga mambo.

Nusu nyingine ya uhuru ni kazi yenyewe kuwa safi, na hapo nakuomba usiniwie mgumu. Kituo cha jamii kinazimwa kirahisi pale kinapokosea. Kipindi cha kero kisirushe tuhuma ya mtu bila kumtafuta mtuhumiwa, na kama hakupatikana, semeni mlimtafuta lini na kwa njia gani. Hifadhini nakala za kila kilichorushwa. Anayefanya kazi ya uandishi wa habari awe na ithibati inayotakiwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Anayejitolea kuongoza ngonjera za watoto msimwite mwandishi. Muziki wa watu mlipie kwa utaratibu wa hakimiliki. Ukiacha tundu dogo kama hilo, asiyependa kipindi cha taka hatataja taka, atataja wimbo.

Kuna jambo moja la kale ambalo ningependa mliige. Mwaka 1967, katika kisiwa cha wavuvi cha Fogo huko Canada, watengenezaji wa filamu waliwarekodi wavuvi wakieleza shida zao wakati serikali ilipokuwa ikifikiria kuwahamisha. Kabla ya picha kuonyeshwa kwa mtu mwingine, waliorekodiwa walizitazama kwanza, wakaruhusiwa kuondoa walichojutia. Kisha zikapelekwa vijiji vingine vya kisiwa, baadaye kwa viongozi, na viongozi wakajibu kwa kamera vile vile. Fanyeni hivyo na wavuvi wa Sahare na Deep Sea. Uvuvi wa baruti, kwa mfano, hauzungumziki kwa mtangazaji kupiga kelele studioni. Mvuvi anayemjua jirani yake anayelipua hatasema neno mbele ya kamera inayorusha moja kwa moja. Akijua anaweza kujitazama kwanza, atasema. Na mwenye kuonyeshwa picha zake kwanza ni yule mnyonge aliyerekodiwa. Mfadhili hahusiki hapo.

Mwisho nikwambie jambo ambalo huenda kamati haitalipenda. Katika miaka yangu yote, vituo nilivyoona vikimezwa na tajiri ni vichache kuliko vilivyomezwa na watu wanne wa ndani. Mwenyekiti yule yule miaka tisa, mkutano mkuu haujaitishwa, wanawake ni wa kupika chai siku ya ugeni, vipindi vyote ni vya mtaa mmoja na dini moja. Kituo cha namna hiyo hakina mtu wa kukililia. Wewe umesema mna mwaka wa nne. Hukutaja mkutano mkuu hata mmoja. Kama haujafanyika, uitisheni kabla ya kumjibu huyo bwana, mtangaze kwenye chaneli na misikitini na makanisani, na ombi lake lisomwe mbele ya watu lote, pamoja na hicho kipengele cha leseni. Mwalikeni aje alieleze mwenyewe. Huenda ni mtu mwema aliyeshauriwa vibaya, na mbele ya wakazi atapata nafasi ya kulirekebisha bila aibu.

Ile kamera iliyokwisha kuletwa isitumike kwanza. Leo hii iandikieni hati ya mapokezi yenye tarehe, aina na namba yake, iseme imepokelewa kwa kuhifadhiwa tu mpaka mkutano mkuu uamue, na nakala moja mpelekeeni kwa mkono mkiwa wawili. Muhtasari wa mkutano ukishasainiwa, nitumie pamoja na rasimu ya hati ya zawadi na mkataba wa mwenye kebo. Nitavisoma vyote, na safari hii nitauliza na paa ni la nani.